Kwa Nini Titicaca Humnyima Mgeni Pumzi

Ndugu msomaji, ulikuwepo siku niliyorudishwa kutoka Mlima Kenya nikitapika? Kama hukuwepo basi ulisimuliwa, maana hadi leo kuna wanaoniita "Lenana". Jamani, sikuwa mwoga. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Jiografia, alinifungulia atlasi kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na huko ndiko nilikopata jibu.

Tazama Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia. Liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji huvua samaki, hulima viazi na kufuga llama papo hapo. Hewa yao ina oksijeni sehemu 21 kwa mia, sawa na ya Mombasa. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, kwa hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi unapaa. Ugonjwa huo huitwa soroche. Hata maji huchemka yakifika nyuzi 87 hivi, wala hayapati moto zaidi. Githeri ya huko tungeingoja mpaka prepu iishe!

Kosa la mgeni ni haraka. Anapanda ndege Lima, kando ya bahari, na baada ya muda mfupi yuko Cusco, mita 3,400. Mwili unataka siku kadhaa kuzoea: kwanza hupumua kwa kasi, baadaye huongeza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana wenye busara huteremka kwanza bonde la Urubamba, mita 2,800 na kitu, wakalala huko kabla ya kuelekea ziwani. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja.

Chai ya majani ya koka hunywewa sana huko, lakini haiondoi hatari. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema hali ameketi, huenda ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji. Ateremshwe usiku huo huo, hata akikataa.

Sisi tulilala mita 3,300, na kesho yake tukalazwa 4,200. Piga hesabu mwenyewe. Mwenzangu aliyenishika mkono tukashuka gizani hakunicheka, na kwa ajili yangu hakukiona kilele.