Fomu ya kuomba kuishi

Ushawahi kujaza fomu ya basari? Basi unajua ile sehemu wanakuambia ueleze hali ya familia yako kwa ufupi. Mistari minne. Hapo ndipo unafaa kubana mzee aliyefutwa kazi, mama anayeuza mboga, ndugu wadogo watatu na kodi ya nyumba, halafu mtu usiyemjua aamue kama umaskini wako umetosha. Mimi nilijaza yangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Sikupata, nikarudi mtaani. Lakini stori ya leo si yangu.

Kuna fomu nyingine zina zaidi ya miaka 100. Zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Walizijaza Wayahudi maskini waliougua kifua kikuu, wakiomba kitanda cha bure hospitalini. Jina, umri, ulikozaliwa, umeoa au hujaoa, unafanya kazi gani, umekaa Marekani muda gani. Kisha maneno ya daktari: ugonjwa umefika wapi?

Hilo swali la mwisho ndilo lililoamua mengi.

Wengi wao walikuwa wametoroka umaskini na mateso huko Urusi, Poland na Romania. Wakafika miji kama New York, wakaingia kwenye kazi ya kushona nguo. Chumba kilekile cha kupanga ndicho cha kulala, cha kupikia na cha cherehani. TB husambaa hewani, kwa hivyo kama umewahi kuishi watu sita kwa chumba kimoja, huhitaji mwalimu akueleze kilichofuata.

Robert Koch aligundua kiini cha ugonjwa huo mwaka 1882. Lakini kumjua mwizi si kumkamata. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu hivyo mwilini, ilipatikana 1943. Hebu hesabu: miaka 61 daktari anajua kinachokuua na hana cha kukupa ila ushauri. Pumzika. Kula mayai, kunywa maziwa. Lala mahali penye hewa safi. Hospitali za matibabu ya aina hiyo ziliitwa sanatoria.

Denver ilisifika kwa hewa yake kavu na jua. Mji uko juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, si mbali sana na Nairobi kwa kimo. Wagonjwa wakamiminika huko, wengine wakiwa wametumia senti ya mwisho kukata tiketi ya treni. Wakishuka, wenye nyumba za kupangisha wanasikia kikohozi na kufunga mlango. Kuna waliozidiwa barabarani, wakitema damu.

Mama mmoja wa mji huo, Frances Wisebart Jacobs, alipiga kelele hadi Wayahudi wenzake wakaanza kuchanga pesa za hospitali. Alifariki 1892, kabla ya kuiona ikifanya kazi. Jengo lilikamilika, lakini uchumi uliporomoka mwaka 1893 na milango ikabaki imefungwa hadi 1899.

Ilipofunguliwa, National Jewish Hospital haikumtoza mgonjwa hata senti. Lakini ilichagua. Ilitaka wale ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga, ikawapa miezi sita, na ilitaka kujua kama ukitoka utaweza kujitegemea. Usikimbilie kuwalaani. Vitanda vilikuwa vichache, na mtu wa hatua za mwanzo alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Hesabu ilikuwa na maana. Shida ni kwamba aliyechelewa, mara nyingi kwa sababu alikuwa akishona akiwa mgonjwa ili watoto wale, aliachwa nje na hesabu hiyohiyo.

Mwaka 1904 kundi la wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wengi wao vibarua na baadhi wakiwa wagonjwa wenyewe, lilisema hapana. Wakaanzisha chama cha kusaidia wagonjwa wa kifua kikuu, Jewish Consumptives' Relief Society. Inasimuliwa kwamba walianza na dola 1.10 mfukoni. Wakachangisha vipesa kwa wafanyakazi kote Marekani, harambee hasa, na wagonjwa wa kwanza wakalazwa kwenye mahema nje ya mji. Walipokea kila hatua ya ugonjwa. Hata wewe ambaye daktari ameshakata tamaa, ulipewa kitanda, chakula kinachofuata dini yako, na watu wanaozungumza Kiyidi kama nyumbani.

Katibu wao alikuwa daktari, Charles Spivak. Yeye na Yehoash, mshairi aliyekuja Denver akiugua TB, waliandika kamusi ya Kiyidi iliyotoka 1911. Waliowakosoa walisema kumpa kitanda mtu anayekufa ni kumwaga pesa. Mabishano ya pande hizo mbili yalidumu miaka mingi.

Wengi walikufa, tusidanganyane. Baadhi wamelala katika makaburi ya Golden Hill, mbali sana na walikozaliwa. Lakini walikufa wakiwa na kitanda na wakiitwa kwa majina yao. Leo vitukuu wao hutafuta karatasi hizo ili wajue babu alizaliwa kijiji gani. Mtu alikuwa anaomba msaada tu, kumbe anaandika historia ya ukoo wake.

Sasa, siku moja utakaa upande ule mwingine wa meza. Utakuwa mweka hazina wa chama, au admini wa kundi la WhatsApp la kuchangia bili ya hospitali, na watu watakuuliza kama mgonjwa ana nafasi ya kupona kabla watume mia mbili. Swali si baya. Fomu zote mbili za Denver zililiuliza. Angalia tu utafanya nini jibu likiwa hapana.

Na kama umekohoa zaidi ya wiki mbili, tafadhali nenda ukapimwe. Katika hospitali za serikali dawa za TB ni bure, kwa kawaida unameza miezi sita, na unapona. Hao wa Denver wangekata tiketi ya treni kwa hilo.