Mtoto Mwenye Kiwewe na Haki Yake Darasani



Mtoto anapotoroka shule mara kwa mara, anaposhtuka mlango ukibamizwa, au anaponyamaza hata akilijua jibu, wepesi wetu ni kumwita mkaidi. Twawaomba wazazi, walezi na walimu wa Mibirizi na vijiji vyote vya mpakani wamtazame mara ya pili. Huenda mtoto huyo hakukosa adabu, bali amejeruhiwa mahali pasipoonekana kwa macho.

Hali hiyo kwa Kiswahili huitwa kiwewe. Kwa Kinyarwanda, ihahamuka. Ni hofu inayomrudia mtu hata baada ya hatari kupita. Eneo letu linayafahamu mambo yanayoizaa. Mwezi Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa hapo hapo. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliua watu Rusizi na Nyamasheke. Mapigano ya Bukavu, mwaka 2004 na tena Februari 2025, yalizitikisa familia za kando zote mbili za mto Rusizi. Na mtoto asiyeyaona hayo aweza kuumizwa na vipigo vya nyumbani, ubakaji, au kifo cha mzazi.

UNICEF ilipowahoji watoto zaidi ya 3,000 nchini Rwanda mwaka 1995, zaidi ya asilimia 90 walisema waliwahi kuamini kwamba watakufa. Waganga wa akili walikuwa wachache mno, hivyo walimu wakafundishwa namna ya kuwasaidia watoto hao, kwa kuwa mwalimu humwona mtoto kila siku. Hoja hiyo ingali na uzito leo.

Mwili uliozoea hatari hukaa macho. Moyo huenda mbio, usingizi hukatika, na akili inayoshughulika kulinda uhai haipati nafasi ya kuhesabu wala kukariri. Ndiyo sababu kiboko hakimponyi mtoto wa namna hii: chamthibitishia tu kwamba hatari ingalipo.

Wengine watauliza haya yanawahusu nini polisi. Mtoto anayeacha shule katika eneo la mpaka hupata upesi mtu wa kumbebesha bidhaa za magendo, au wa kumhadaa kwa ahadi ya kazi ng'ambo. Kumbakiza darasani ni ulinzi unaotangulia doria.

Mzazi afanyeje, basi? Kwanza, kwa wiki mbili aandike anayoyaona: siku gani mtoto alikataa kwenda shule, saa ngapi, na ni jambo gani lililotangulia. Pili, ampeleke kituo cha afya akiwa na kadi yake ya mituweli. Kutoka huko aweza kutumwa Hospitali ya Mibirizi. Aombe barua fupi inayoeleza mahitaji ya mtoto, si kisa chake. Tatu, aombe miadi na mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa darasa, asiseme nao langoni mbele ya wanafunzi. Akiona haya kwenda peke yake, afuatane na Inshuti z'Umuryango. Kila kijiji kina wawili, mwanamume na mwanamke.

Nne, aombe mambo yanayotendeka: mtoto akae mahali anapouona mlango, awepo mtu mzima mmoja wa kumwendea anapozidiwa, aruhusiwe kutoka kidogo kwa ishara waliyokubaliana, asishikwe ghafla kutoka nyuma, apunguziwe kazi siku ngumu bila kuondolewa masomoni. Makubaliano yaandikwe, na itajwe tarehe ya kuyapima upya, tuseme baada ya wiki nne.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi atasema hawezi kumhudumia mmoja. Ugumu wake ni wa kweli, na mzazi asiubeze. Hata hivyo, mengi ya hayo hayahitaji fedha wala saa za ziada. Wala si upendeleo: mtoto aliyevunjika mguu halazimishwi kukimbia na wenzake.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1991, wadai katika kifungu cha 28 kwamba nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto, na katika kifungu cha 39 kwamba mtoto aliyedhulumiwa au kupitia vita asaidiwe kupona. Kongo na Burundi pia ni wanachama wake, na mkataba haubagui mtoto kwa asili wala lugha. Mzazi aliyevuka mpaka asione aibu kuomba.

Kisa cha mtoto ni siri yake. Asisimamishwe mbele ya darasa kukisimulia. Ikiwa alitendewa uhalifu, shule isimhoji tena na tena. Apelekwe kituo cha Isange hospitalini, ambako huduma ni bure, au tuarifiwe kwa namba 3512. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, na 112 ni ya dharura.

Nasi tunao wajibu wetu. Wapo watoto wanaotetemeka wakiona sare au bunduki. Shule inayotualika itujulishe mapema, na mtoto huyo aambiwe nani anakuja na kwa nini. Katika majuma ya kumbukumbu yanayoanza tarehe 7 Aprili, walimu na wazazi wawe waangalifu zaidi, kwa maana huzuni ya watu wazima huwafikia hata waliozaliwa baadaye.

Mzazi asingoje barua ya kufukuzwa ndipo aende shuleni. Aende mapema, akiwa na maandishi yake mkononi, mwalimu angali na muda wa kumsikiliza.