Saa za Jembe na Saa za Kalamu

Msomaji akitajiwa gereza, aghalabu fikira zake huenda kwenye kuta na makufuli. Lakini hapa kwetu Katavi liko gereza la kilimo la Kalilankulukulu, ambako aliyehukumiwa huyajua matuta ya shamba kuliko kuta za chumba. Kwa hiyo atakaye kumfundisha mfungwa wa namna hiyo kusoma na kuandika sharti kwanza aziombe saa kwa mkuu wa gereza na kwa nyapara, wala si kwa waziri wa elimu, maadamu mchana ni wa jembe na jioni ni ya kuhesabiwa na kufungiwa.

Tangu Jeshi la Magereza lilipotengwa na Polisi mwaka 1931, kazi ya mikono imekuwa nguzo ya uendeshaji wake, nami siibezi: mfungwa aliyelima, akaranda mbao, akafyatua matofali, amepata taalimu, hata kama hakuna aliyeiita kwa jina hilo. Ila taalimu isiyo na shahidi huishia langoni. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza katika kanuni ya 104 kwamba wasiojua kusoma na vijana wafundishwe kwa lazima. Tena elimu hiyo iungane na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akiachiwa aendelee bila taabu. Wengi husoma nusu ya kwanza wakaishia hapo, ilhali uzito wote, kwa maoni yangu, umo katika nusu ya pili.

Tazama mfano. Seremala aliyejifunza kazi kifungoni akienda kuomba ujira Mpanda mjini, ataulizwa alisomea wapi. Naye ama atasema uongo, ama atasema kweli akafukuzwa. Lakini VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa kazi yake, akapewa cheti kinachotaja fani. Vivyo hivyo, wafungwa wa Luzira nchini Uganda na wa Kamiti nchini Kenya waliosomea sheria wamepata shahada za Chuo Kikuu cha London, si za gereza. Na hiyo ndiyo siri ya thamani ya shahada hizo.

Liko na jambo la mahabusu, ambalo husahauliwa kwa urahisi wa ajabu. Mahabusu hajahukumiwa, hivyo halazimishwi kazi. Saa anazo tele, kuliko mtu yeyote mwingine katika nyumba ile. Walakini hafundishwi, kwa hoja kwamba huenda kesho mahakama ikamwachia. Basi mwenye masomo hana nafasi, na mwenye nafasi hana masomo! Dawa yake si ghali: masomo mafupi, kila moja likamilike siku ile ile, kama vile kuandika jina, kuisoma hati ya mashtaka, kupiga hesabu ya magunia na bei, na mwalimu awe mfungwa msomi, chini ya afisa mwenye daftari la mahudhurio. Daftari hilo limfuate mtu akihamishiwa gereza jingine, kama lifuatavyo jalada la kesi yake, asije akaanza tena kwa herufi ya kwanza mbele ya mwalimu asiyemjua.