Si Kila Hedifoni Inayovuma Ni Nzuri

UKIABIRI matatu siku hizi, iwe ya Kangemi au ya Likoni, utawaona abiria wengi wameziba masikio kwa hedifoni, kila mmoja na muziki wake. Wengine huvaa zile ndogo za kutumbukizwa sikioni, na wengine kubwa zinazofunika sikio lote. Mwulize kijana sababu ya kuchagua zake, naye atakujibu kwa fahari: "Hizi zina besi!"

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Besi nyingi si dalili ya hedifoni nzuri. Anayechagua kwa kigezo hicho pekee hujinyima utamu wa muziki wetu wenyewe, na huenda pia akajiharibia masikio.

Chombo hiki kina historia ndefu. Mnamo 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah alikuwa akikiunda kwa mkono na kuliuzia jeshi la wanamaji la nchi yake. Kazi yake wakati huo ilikuwa kunasa ishara za redio, wala si starehe. Mnamo 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za kusikilizia muziki wa stereo, na ilipofika 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, mtu akaweza kutembea na nyimbo zake bila kumghasi jirani.

MIZANI YA HAKI

Hivi majuzi nililinganisha hedifoni za aina tatu: ndogo za bei nafuu nilizonunua barabara ya Luthuli, Nairobi, kubwa zisizo na waya ambazo mpwa wangu huzisifu mno, na kubwa zenye waya, ambazo migongo yake ina matundu ya kupitisha hewa.

Kwanza nilicheza sauti ya mtangazaji akisoma habari, nikaipandisha na kuishusha hadi ikawa sawa katika zote tatu. Msomaji, usilidharau jambo hili. Sikio hudanganyika: kinacholia kwa nguvu zaidi kidogo tu, hukiona bora. Tena Fletcher na Munson walionyesha huko Marekani mnamo 1933 kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio husikia besi kwa shida. Ikipanda, besi nayo hujitokeza. Ndiyo maana muuzaji mwerevu hukufungulia muziki hadi juu.

Kisha nikachagua nyimbo ninazozijua vizuri: taarabu ya marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na benga ya marehemu D.O. Misiani na Shirati Jazz.

Katika zile zenye matundu, nilisikia udi ukidonolewa na mwangwi wa uzi ukififia polepole. Katika zile za mpwa wangu, ngoma zilimmeza mwimbaji, akawa kama anayeimba nyuma ya mlango uliofungwa. Benga ndiyo iliyofichua mengi zaidi. Humo magitaa huzungumza, moja likiuliza na jingine likijibu, na gitaa la besi nalo lina maneno yake. Hedifoni za mpwa wangu ziliyageuza maneno hayo kuwa mshindo mmoja tu. Debe tupu haliachi kuvuma!

Zile ndogo zilinishangaza. Mwanzoni zilikuwa kavu kama bati, lakini nilipobadilisha vile vipira vyake nikaweka vinavyoziba sikio barabara, besi ikarudi. Sauti nzito huvuja panapobaki mwanya.

Hata hivyo, haki itendeke. Zenye matundu hazifai ndani ya matatu, kwani kelele huingia na jirani husikia unachosikiliza. Huko za mpwa wangu hushinda, kwa kuwa huzuia kelele, na mtu hana haja ya kupandisha sauti.

LINDA MASIKIO

Hilo la kupandisha sauti si mzaha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa hizo hupungua hadi 4 tu. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena.

Basi uendapo dukani, beba wimbo unaoujua. Sawazisha sauti kwanza, kisha umsikilize mwimbaji: yuko mbele yako, au amejificha? Fuata gitaa la besi: linaimba, au linagonga tu? Mwisho, punguza sauti. Hedifoni ambayo muziki wake bado unapendeza kwa sauti ya chini, hiyo ndiyo ya kulipia.