Anga la Mitwaba: kweli ni ipi, uongo ni upi?

Mengi tunayoambiwa kuhusu Jua, Mwezi na sayari yanaweza kupimwa na mtu yeyote aliyesimama uani kwake Mitwaba, bila darubini wala kompyuta. Mji uko kwenye nyanda za juu za milima ya Mitumba, mbali na taa za Lubumbashi, na kuanzia Mei hadi Agosti usiku wake hauna mawingu. Nimeyakusanya maneno yanayosikika sana shuleni, kanisani, sokoni na kwenye WhatsApp, na kila moja nimelipa hukumu yake.

"Juni na Julai kuna baridi kwa sababu Jua limetuendea mbali."

Si kweli. Lakini hili ndilo kosa gumu kuliko yote kung'oa hapa Katanga, kwa sababu limejengwa juu ya jambo la kweli. Dunia haizunguki Jua kwa duara kamili. Mwanzoni mwa Januari huwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai kilomita milioni 152. Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai unapoota moto wa makala kabla ya kutoka, Jua kweli liko mbali nasi kuliko siku nyingine zote za mwaka. Mwanafunzi wa Paris hadanganyiki kirahisi, maana kwake Julai ni joto. Wa Mitwaba anaona kila kitu kinakubaliana.

Ipime hoja hiyo kwa Januari. Kama umbali ndio unaoamua, Januari ingekuwa na joto kuliko miezi yote. Sivyo ilivyo: joto letu kali ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, na Januari mawingu huipoza hewa. Tena Julai hiyohiyo watu wa Ulaya wanatoka jasho, nao wako juu ya Dunia hii hii, kwa umbali uleule kutoka kwenye Jua.

Sababu ni mwinamo. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, na mwaka mzima hubaki umeelekea upande uleule wa anga. Ifikapo Juni, kaskazini ndiyo iliyoelekea Jua, na sisi wa kusini tunapata miale ya mshazari. Tarehe 21 Juni adhuhuri, Jua la Mitwaba hufika nyuzi 58 tu juu ya upeo, upande wa kaskazini. La Lubumbashi nyuzi 55. Mchana nao hufupika: ukilinganisha Juni na Desemba, Mitwaba hupoteza kama saa nzima ya mwanga. Ongeza mwinuko wa nchi, na anga kavu ambalo usiku huliachia joto la ardhi lipotelee juu, hapo umeipata baridi ya Julai. Umbali una mchango wake, nao ni mdogo: mwanga unaotufikia Julai umepungua kama asilimia 7 kuliko wa Januari. Mwinamo na ufupi wa mchana vinapunguza zaidi ya mara mbili ya hapo.

"Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo Jua la adhuhuri liko utosini kila siku."

Si kweli. Ni siku mbili tu kwa mwaka. Mitwaba iko kama nyuzi 8.6 kusini mwa ikweta, na Jua hupita utosini karibu tarehe 26 Februari na tena karibu tarehe 15 Oktoba. Lubumbashi, iliyo kusini zaidi, hupata siku zake karibu tarehe 18 Februari na 24 Oktoba.

Jaribu mwenyewe. Chukua fito iliyonyooka, isimike wima ukiipima kwa kamba yenye jiwe, kisha weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Siku hizo kivuli kitafupika mpaka kiishie kwenye shina la fito. Usiifuate saa ya simu: Mitwaba, Oktoba kivuli huwa kifupi kabisa karibu na saa sita kamili, lakini Februari ni kama dakika 24 baada ya saa sita, kwa sababu mhimili wa Dunia umeinama na Dunia haiendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Kati ya Februari na Oktoba, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Anayejenga nyumba na kutaka kibaraza chenye kivuli mchana wa kiangazi, akiweke upande huo.

"Mwezi ukifanana na p unakua, ukifanana na d unapungua."

Ni kweli Brussels. Mitwaba si kweli. Vizazi vingi vya watoto wetu vimekariri kanuni hii kutoka vitabu vya Kifaransa: p ya premier, d ya dernier. Mtoto akitoka nje jioni kuihakikisha, haoni p wala d. Anaona Mwezi mchanga umelala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Akili yake haina kasoro. Kitabu kiliandikiwa nchi ambako Jua huzama kwa mshazari, na upande unaong'aa wa Mwezi huelekea pembeni. Huku kwetu Jua hushuka karibu wima, likajikuta chini ya Mwezi, na upande unaong'aa daima ndio unaolielekea Jua.

Kanuni inayotufaa ni hii: Mwezi mwembamba unaoonekana magharibi baada ya Jua kuzama unakua, na ule unaoonekana mashariki kabla ya mapambazuko unapungua. Ningependa kuiona kwenye daftari za shule zetu badala ya herufi zile.

"Upande wa nyuma wa Mwezi una giza daima."

Si kweli. Hatuuoni, basi. Jua huuangaza karibu wiki mbili katika kila mwezi, kama linavyouangaza huu wa mbele. Chombo cha Kisovyeti Luna 3 kiliupiga picha mwaka 1959, na cha China, Chang'e 4, kilitua huko Januari 2019.

"Mwezi ukigeuka damu, maafa yanakuja."

Uongo. Tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulichomoza mzima juu ya Katanga, ukaanza kumegwa, na kuanzia saa moja na nusu usiku ukawa mwekundu kwa dakika 82. Dunia ilikuwa imeingia katikati ya Jua na Mwezi. Kivuli chake hakina giza kamili, kwa kuwa hewa inayoizunguka Dunia hupinda mwanga kidogo wa Jua na kuuingiza humo ndani. Njiani mwanga wa bluu hutawanyika, mwekundu ndio unaofika. Wekundu wa namna hiyo tunaujua sana: Agosti, moto unapopita msituni, Jua hushuka jekundu nyuma ya moshi, na hakuna anayekimbia.

Wanaosoma habari ya Mwezi wa damu katika kitabu cha nabii Yoeli waendelee kukisoma. Ila kupatwa kwa Mwezi hukokotolewa miaka mingi kabla, mpaka dakika yake, na tukio lililokuwa kwenye ratiba kabla hatujazaliwa halikutumwa kwa ajili ya vita au uchaguzi wa mwaka huu. Litazame kwa macho yako tu, halidhuru.

"Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni nyota mbili."

Uongo mara mbili: ni moja, wala si nyota. Ni Zuhura, sayari inayotukaribia kuliko nyingine zote inapopita upande wetu, na kwa kuwa njia yake iko ndani ya njia ya Dunia, daima tunaiona karibu na Jua, miezi fulani jioni na miezi mingine alfajiri. Kwa joto inaishinda Utaridi, ingawa Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Juu ya ardhi ya Zuhura kuna kama nyuzi 465 za Selsiasi mchana na usiku, kwa sababu hewa yake nzito ya kabonidayoksaidi hushika joto na kulizuia lisitoke.

"Kuna sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake."

Kweli kabisa, na ni hiyohiyo Zuhura. Hujizungusha mara moja kwa siku 243 za kwetu, lakini huzunguka Jua kwa siku 225. Tena hujizungusha kinyume: anayesimama huko angeona Jua likichomoza magharibi.

"Agosti hii Mirihi itakuwa kubwa kama Mwezi."

Uongo wa zamani. Ulitokana na Agosti 2003, Mirihi ilipotukaribia hadi kilomita milioni 56. Hata siku hiyo ilionekana kama nukta nyekundu tu. Ukitumiwa tena, futa, usisambaze.

"Nyota ikianguka, mkubwa fulani amekufa."

Uongo. Nyota haiwezi kuanguka hapa. Jua ni nyota, na upana wake ni Dunia 109 zilizopangwa kwenye mstari. Kinachoanguka ni kimondo, mara nyingi punje ndogo inayoingia hewani kwa kasi kubwa mno na kuwaka. Kila mwaka, usiku wa tarehe 5 na 6 Mei, vimondo huongezeka sana, na sisi wa kusini ndio tunaoviona vizuri zaidi. Ni vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, iliyopita mara ya mwisho mwaka 1986 na itakayorudi 2061. Amka kabla ya mapambazuko, utazame mashariki. Kama kila kimoja kingekuwa msiba, usiku huo nchi nzima ingevaa nguo za matanga.

Mara chache jiwe kubwa hufika chini. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16.

"Umri wa Dunia ni kubahatisha tu."

Si kweli, na sisi wa Haut-Katanga ndio hasa tusiopaswa kusema hivyo. Shinkolobwe, karibu na Likasi, dunia inaijua kwa urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Urani hiyohiyo ni saa. Hugeuka polepole kuwa risasi, na moto, maji wala uzito wa milima havibadilishi mwendo wake: nusu ya urani-238 hupungua kila miaka bilioni 4.5. Ukipima risasi iliyozaliwa na urani iliyobaki, umepata muda uliopita.

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Clair Patterson, alilinganisha risasi ya vimondo na ya Dunia akapata miaka bilioni 4.55. Tangu hapo vifaa vimekuwa bora mno, na jibu limesogea kidogo tu: bilioni 4.54. Yaani urani-238 iliyo chini ya ardhi yetu leo ni kama nusu ya ile Dunia iliyoanza nayo. Nusu nyingine imekwisha kuwa risasi. Kuhusu wale wanaosema madini hayo yalidondoka kutoka sayari ya Uranus, hapana. Kinachoviunganisha ni jina tu: William Herschel aliigundua sayari mwaka 1781, na mkemia Martin Klaproth akayapa madini jina hilo mwaka 1789.

"Jua likipatwa, litazame kwenye beseni la maji, au kwa filamu ya eksirei, au kwa kioo cha mchomeleaji."

Uongo wa hatari, na hapa sitaki mzaha. Tarehe 21 Juni 2001 kivuli cha Mwezi kilipita Lusaka, na Lubumbashi sehemu kubwa ya Jua ilifunikwa mchana wa kiangazi usio na wingu. Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa pete kulipita Gabon, Kongo na Tanzania, ambako watu walijaa Rujewa kukutazama. Mitwaba ilikuwa kusini mwa njia hiyo na Jua lilimegwa vibaya. Jua lililobaki kipande lina ukali uleule, na sehemu ya nyuma ya jicho haina maumivu ya kukuonya. Unaungua bila kujua.

Beseni hupunguza mwanga, lakini kiasi kinachobaki bado ni kikali. Filamu ya eksirei huzuia unachokiona na kuachia miale usiyoiona. Kioo cha mchomeleaji kinafaa kikiwa namba 14, na vingi vya karakana zetu ni vya namba za chini, 10 au 11. Njia ya salama haina gharama: toboa tundu dogo kwenye boksi, lipe Jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Au simama chini ya mwembe. Kila mwanya kati ya majani utachora chini Jua dogo lililomegwa, mamia kwa wakati mmoja, na watoto wote watayaona bila kuinua macho.

Asubuhi ya tarehe 25 Novemba 2030 Jua litapatwa kabisa Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na sisi Haut-Katanga tutaliona limemegwa kama mawingu ya masika yataruhusu. Mwalimu wa Mitwaba, wa Likasi, wa Lubumbashi: andaa maboksi yako mapema, na asubuhi hiyo usimwache mtoto hata mmoja alitazame Jua kwa macho matupu.