Umri wa Mfupa Umo Kwenye Mwamba

Ndugu wanajumuiya, tangu mjue nasoma uhandisi, kila jiwe linaletwa kwangu. Juzi mwenzetu kanionyesha picha ya taya la terosaria, yule mtambaazi mwenye mbawa wa zama za dinosaria. Lilikuwa linauzwa, naye anataka kujua lina miaka mingapi. Limetoka tabaka gani? Hajui. Basi, hapo kazi imekwisha.

Mfupa wenyewe hausemi. Kaboni 14 haifiki huko, inaishia kama miaka 50,000. Kinachopimwa ni mwamba, na hapo pia pana mtego. Nendeni Al Khoud, karibu na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, mtazame ule mwamba wa kokoto zilizogandamana, ambamo mifupa ya dinosaria imepatikana. Kokoto nyingine zimetoka kwenye mawe meusi ya Semail, yenye miaka kama milioni 95. Lakini mwamba uliozikusanya una kama milioni 70 tu. Ukipima kokoto ukadhani umepima mfupa, umeuzeesha kwa miaka milioni 25!

Dawa yake ni majivu ya volkano, kwani yanatua siku ile ile yanapozaliwa. Olduvai wanayo: mwaka 1961 yalipimwa kwa potasi na agoni, ikapatikana miaka milioni 1.75. Tendaguru, kule Lindi, hawakubahatika hivyo. Wajerumani walichimba huko 1909 hadi 1913, na miongoni mwa mifupa yao mlikuwa na taya ambalo mwaka 1999 lilipewa jina Tendaguripterus recki, kwa heshima ya Hans Reck, huyo huyo aliyechimba Olduvai mwaka 1913. Umri wake ni kama miaka milioni 150, mwishoni mwa Jurasiki.

Wamejuaje? Matabaka ya mifupa yamepishana na mchanga wa bahari, na humo mna amonaiti, jamaa wa pweza wenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Kila aina iliishi muda mfupi lakini ilisambaa mbali. Ukiijua aina, umejua rika la tabaka, na la mfupa uliobanwa katikati.

Yote hayo yanasimama kwa sababu wachimbaji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, hawakuchanganya matabaka. Mwaka 2007 dinosaria mmoja aliitwa Australodocus bohetii kwa ajili yake. Mkikuta mfupa wadini, jamani, msiung'oe. Pigeni picha, andikeni mahali, muwaite watu wa jiolojia.