Daftari la Kariakoo lisomwe na nani?

Asubuhi ya Jumatatu, Mei 15, 2023, milango ya chuma ya Kariakoo haikupandishwa. Kongo, Msimbazi, Aggrey, Likoma, mitaa ambayo siku nyingine hupiti bila kusukumwa na mkokoteni, ilijaa watu waliosimama tu mbele ya fremu zilizofungwa. Hali iliendelea hadi Jumatano, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Sababu za mgomo zilisemwa zikaeleweka: usajili wa stoo, kikosi kazi cha kodi, kamatakamata ya wateja waliobeba mizigo. Ambalo halikusemwa ni dogo zaidi, nalo halitoki akilini. Watu wanaonyang'anyana mteja mmoja wa kutoka Lubumbashi, wanaopimana kwa tofauti ya shilingi mia, walifungaje kwa pamoja? Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania haina mahakama, na leseni ya mtu si yake kuifuta. Vyama vya wafanyabiashara vya Ulaya ya kale vilikuwa na hati za wafalme. Miji ya Hansa, Lübeck ikiwa mbele, ilipigana na mfalme wa Denmark na mwaka 1370 ikailazimisha Denmark kukubali mkataba. Hata katika michezo ya kubuni wanayocheza vijana, chama cha wafanyabiashara hupewa hazina ya dhahabu na askari wa kukodi. Kariakoo haina hati, hazina wala askari. Ilifunga, na serikali ikaja kuisikiliza.

Hoja ya makala haya ni kwamba nguvu ile haikutoka kwenye katiba ya chama chochote. Ilitoka kwenye daftari, lile kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu linalokaa chini ya meza ya kila duka la jumla, kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa. Humo ndimo inamoandikwa mali kauli. Aliyeshusha kontena la vitenge humpa mwenye fremu mabelo kadhaa bila kupokea hata senti. Hakuna wakili, hakuna hati ya nyumba iliyowekwa rehani. Kuna jina, idadi, bei na siku ya kurudi, na jina lenyewe mara nyingi silo lililo kwenye kitambulisho: ni Mangi, ni Mama Fulani, ni yule wa ghorofa ya pili. Mwenye fremu naye humkatia machinga dazeni mbili alfajiri ili arudi na hesabu jioni. Mzigo mmoja waweza kupita madaftari matatu kabla mnunuzi wa mwisho hajatoa noti mfukoni. Hapo katikati hakuna benki, na ukiangalia masharti ya mikopo ya benki utaelewa kwa nini. Kila mstari katika daftari lile ni mtu aliyeaminiwa, na kila mstari uliopigwa kalamu kwamba umelipwa ni sababu ya kuaminiwa tena na zaidi.

Asiyerudisha hashitakiwi. Habari zake humtangulia tu, na muda si mrefu hapati stoo ya kumfungulia. Hii ndiyo adhabu ya chama kisicho na mahakama, na ni kali kuliko faini, maana faini hulipwa ikaisha. Tukilishika hilo, kitendawili cha Mei 2023 kinaanza kufumbuka. Siku ya mgomo, anayefungua peke yake hana sababu ya kuogopa mawe. Ana sababu ya kuiogopa Jumatatu inayofuata, atakapokwenda kuomba mzigo kwa mtu aliyekuwa amefunga. Waliokuwa na madaftari ya pamoja walikuwa chama tayari, kabla hapajawa na mwenyekiti wala muhuri.

Ushahidi wa pili uliutangulia mgomo huo kwa miaka mia moja na mwezi mmoja hivi. Mwanzoni mwa Aprili 1923, wafanyabiashara Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao, Dar es Salaam na bara, kwa muda wa siku 54. Waliuita mgomo wao hartal, neno walilokuja nalo kutoka kwao. Serikali ya Gavana Horace Byatt ilikuwa imeleta sheria mpya za leseni za biashara na kodi ya faida. Kodi iliwauma, lakini kulikuwa na kifungu kingine kilichowauma zaidi ya fedha: hesabu za duka ziandikwe kwa lugha ambazo ofisa wa serikali angezisoma, Kiswahili kikiwamo, badala ya Kigujarati. Ndiyo kusema lugha yetu iliingia katika ugomvi huu ikiwa upande wa mkaguzi. Kwa mwenye duka wa Uhindini, Kigujarati hakikuwa mapambo. Kilikuwa kufuli. Mkopo uliotoka Bombay ukapita Zanzibar, ukafika kwa nyumba kubwa ya pwani na kuishia kwenye duka dogo la Tabora, ulisomwa na wote waliohusika nao na haukusomwa na mwingine yeyote. Nyumba hizo zilikuwa zimezoea heshima ya aina nyingine kabisa. Huko Zanzibar katika karne ya 19, nyumba ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miongo kadhaa, kiasi kwamba mfanyabiashara ndiye aliyeshika daftari la dola. Sasa dola ilitaka kushika la mfanyabiashara. Serikali ililegeza, na miaka michache baadaye kodi ile ya faida ikafutwa.

Kuna ushahidi wa tatu, ambao una uzito kwa sababu unahusu kushindwa. Mwaka 1934, Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda akaweka makazi Dar es Salaam, alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Alikuwa na kalamu, alikuwa na ujasiri, alikuwa na wasomaji. Kama chama cha biashara, hata hivyo, jahazi lake halikufika mbali. Tusiseme Waafrika hawakujua kuuza. Sheria ya ukoloni juu ya mikopo kwa wenyeji ilifanya deni alilopewa Mwafrika lisidaike mahakamani pasipo kibali cha ofisa, kwa hoja kwamba analindwa. Muuzaji wa jumla akawa na sababu ya ziada ya kutomwandika daftarini, na asiyeandikwa humo hununua kidogo kidogo, kwa keshi, kwa bei ya mwisho. Fiah alikuwa na chama chenye jina na madhumuni, ila hakikuwa na mnyororo wa mali kauli chini yake.

Sasa mrudie mwenye duka la jumla wa leo na umsikilize kwa hoja yake. Kontena lake si lake peke yake. Wamechangia watu kumi, mzigo umeunganishwa China na kusafirishwa kwa jina la mmoja, kwa hiyo nyaraka za forodha zina jina moja na mabelo yana wenyewe kumi. Stoo yake ina mali aliyoilipia, mali aliyochukua kwa kauli na mali aliyowekewa na jirani. Ukimwambia aisajili, asajili ya nani? Akitoa mzigo leo, kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa mzigo unapotoka, wakati fedha itaingia baada ya wiki sita au isiingie kabisa. Mashine za kielektroniki za risiti, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zinalijua neno kuuza na hazilijui neno kuaminiana. Mteja wake akikamatwa njiani kwa kukosa risiti, aliyepotea si mteja tu. Umepotea pia mstari mzima wa deni ambao sasa hautalipwa. Hoja hizi zina ukweli mwingi kuliko tunavyozipa tunapozifupisha kuwa ni watu kukwepa kodi.

Lakini wapo wanaokwepa, na tusijifiche. Daftari lisilosomeka ni hifadhi ya mwaminifu na ni maficho ya mwizi kwa wakati mmoja. Hospitali na barabara hazijengwi kwa mali kauli, na mwajiriwa ambaye kodi yake hukatwa kabla hajaushika mshahara ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake ajadiliane na Waziri Mkuu. Jibu la haki ni kwamba alipe, na alipe kwa saa ambayo ana fedha. Uingereza humruhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi pauni milioni 1.35 kulipa kodi ya ongezeko la thamani pesa inapoingia. Uganda nayo ina utaratibu wa namna hiyo kwa walipakodi wadogo. Utaratibu huo haumpi mtu msamaha. Unalitambua deni kuwa ni deni.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na makala haya hayana jibu lake. Chama chenye nguvu humwinua aliye ndani na kumfungia nje aliye nje. Mbeba mizigo wa Kariakoo hana daftari. Maduka yakifungwa siku tatu, hali siku tatu, na hakuna aliyemuuliza. Kisha Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo uuzaji wa bidhaa wa jumla na rejareja, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya Kariakoo juu ya Wachina waliofungua maduka mitaani. Anayeona jirani mpya akiuza kwa bei ya kiwandani ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, waliofunga maduka mwaka 1923 nao waliitwa wageni, na wajukuu wao ni raia wenzetu. Nani anaamua mtu ameandikwa daftarini vya kutosha hata awe wa hapa?

Majaliwa alipositisha usajili wa stoo na kikosi kazi, alifanya hivyo Mnazi Mmoja, kiwanja ambacho mipango ya kikoloni ilikiacha wazi ili kiitenge Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Kusitisha kulituliza, hakukutatua. Juni 24, 2024 maduka yalifungwa tena, na Mwanza na Mbeya zikafuata. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Ombi kwa watakaoandika sheria baada ya tume hiyo ni moja: neno mali kauli liingie katika sheria ya kodi, lipewe maana, na kodi yake idaiwe siku deni linapolipwa.